Mwaka Nyama Ilipofungwa Kakuma

Nimerudisha koti jeupe, buti za mpira na kisu cha ukaguzi kwa mtunza stoo wa Lodwar. Alivitazama, akavigeuzageuza, akaandika "vimechakaa", kisha akanitaka nitie sahihi kwamba nakubali. Nikakubali. Hata mwenyewe nimechakaa, ila hapakuwa na nafasi ya kuandika hilo.

Nyinyi mnaobaki katika kazi hii ya kukagua nyama mmeniuliza mara nyingi kuhusu ile kesi ya Kakuma. Nimesikia masimulizi yenu. Wengine wanasema nilimtetea mama wa kambi ya wakimbizi dhidi ya ofisi yangu. Wengine wanasema niliiuza serikali mchana kweupe. Mmoja wenu, ambaye wakati huo alikuwa bado yuko chuoni, amewahi kunisimulia kesi hiyo mimi mwenyewe, tena kwa uhakika mkubwa. Basi nitaeleza ilivyokuwa.

Nilizaliwa Kataboi, kando ya ziwa, kwenye nyumba ya nyavu na mbuzi wachache. Nilipoitwa kazini Lodwar nilifika na akala za tairi miguuni na shati la kuazima. Asubuhi yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Barasa, mkaguzi kutoka upande wa Bungoma, mtu mnene aliyelilaani joto la Turkana kila siku na hakuomba uhamisho hata mara moja. Alinipeleka kichinjioni, akaniwekea ini la ng'ombe mikononi.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Ini, mzee."

"Hilo hata paka anaona."

Tukaanza hapo. Alinifundisha kumtazama mnyama akiwa hai, akitembea, kabla kisu hakijamgusa. Kisha kichwa, ulimi, tezi za shingoni. Mapafu unayapapasa kwa vidole, maana macho hudanganywa. Ini unalikata mkato mmoja safi, si kulichanachana kama kitunguu. Mwisho kabisa ndipo unapogonga muhuri wa wino wa zambarau. Wino ule ulikuwa haufutiki kwenye ngozi ya mtu. Wake zetu walitujua kwa vidole.

Lakini jambo ambalo Mzee Barasa alilishikilia kuliko yote lilikuwa hili: ukiikataa nyama ya mtu, mwite aje aone. "Mwekee kidole chake juu ya ugonjwa," alikuwa akisema. "Asipoona kwa macho yake, atadhani umeitaka wewe." Wakati ule nilidhani ni adabu tu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ilikuwa pia ndiyo njia pekee ya kumfanya yule mtu arudi kwako na mbuzi wake wa pili, badala ya kwenda kumchinjia porini.

Yeye alistaafu, mimi nikabaki. Nilipita Kalokol, nikapita Lokichar, na mwishowe nikapelekwa Kakuma, ambako nilikaa hadi nywele zikabadilika rangi. Kuna wenzetu walioiona Kakuma kama adhabu. Mimi niliipenda. Asubuhi nilisalimiwa "ejok" na wachinjaji, nikaambiwa "salaam" mlangoni, nikaulizwa habari kwa Kiswahili cha Kongo na dada aliyeuza chai, na vijana wakanipa "niaje buda" nikipanda baiskeli. Nilijibu zote, na mara nyingine nikazichanganya.

Watu wawili nitawataja kwa sababu bila wao sina la kusimulia. Wa kwanza ni Ekiru, mchinjaji wa Kiturkana, mwembamba kama fimbo yake, ambaye ndugu zake walileta mbuzi kutoka mbali, hata Namoruputh kule mpakani. Wa pili ni Mama Achol. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mjane, mwimbaji wa kwaya, na mwenye bucha ya mabati pale kambini. Nyuma ya bucha alikuwa na masufuria ya mchuzi ambayo maafisa wengi, na sitaji majina, waliyafahamu vizuri kuliko walivyofahamu ofisi zao. Ekiru alimchinjia, yeye akauza. Waligombana kila siku na hawakuachana.

Sasa tufike mwaka wa 2012.

Wachungaji fulani, huko mbali na mji, walikula ng'ombe aliyekufa mwenyewe. Baada ya siku chache waliletwa hospitali wakiwa na vidonda vyeusi mikononi. Nilipoambiwa habari hiyo, nilijua jina lake kabla daktari hajalitamka: kimeta. Si ugonjwa wa kuchezea. Mnyama anakufa ghafla, anavimba haraka, damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani. Ukimpasua umejimwagia kifo, na mahali pale panabaki na sumu kwa miaka.

Ofisi yetu ilikuwa chini ya Bwana Mutiso, mtu msafi, mwenye heshima, asiyewahi kuchelewa. Aliita kamati, na jioni hiyo hiyo amri ikatoka: biashara zote za nyama Kakuma, mjini na kambini, zimefungwa hadi itakapotangazwa vinginevyo. Mimi ndiye niliyeibandika kwenye mlango wa kichinjio. Niliibandika kwa moyo mmoja. Ukisikia kimeta unafunga kwanza, mengine baadaye.

Tatizo lilikuwa kwamba hayo mengine hayakuja. Watu wa mifugo walichanja mbuzi na ng'ombe kila upande. Wale wachungaji walipona, wakarudi makwao. Hakuna mnyama mwingine aliyekutwa na ugonjwa. Niliandika hivyo, nikamwambia Bwana Mutiso kwa simu, nikamwambia tena uso kwa uso nilipokwenda Lodwar.

"Nakuelewa, Ebei," aliniambia. "Lakini nikifungua leo, na kesho mtu mmoja akiugua, nani ataulizwa?"

"Tutaulizwa sote, bwana."

"Sahihi ni yangu."

Sikumwona kama mtu mbaya, na mpaka leo simwoni hivyo. Kufunga hakukumgharimu kitu, kufungua kungeweza kumgharimu kazi. Amri yenyewe haikumwambia afungue lini wala akiona nini. Kwa hiyo akangoja, nasi tukangoja naye.

Yaliyokataa kungoja ni matumbo ya watu. Mnadhani Kakuma waliacha kula nyama? Hata kidogo. Machinjo yalihamia kwenye vichaka vya miti ya mathenge kando ya mto Tarach, nyuma ya uzio wa miiba, ndani ya nyua. Nilijua wanakochinja kwa kutazama juu: popote walipokusanyika wale korongo wakubwa wenye kifuko shingoni, palikuwa pamechinjwa. Nikifika nilikuta damu mchangani, kwato, na watu wasionijua ghafla. Watu niliokunywa nao chai miaka mingi walinipita kama wanaopita kigingi. Koti langu jeupe, lililokuwa likiitwa kila asubuhi, likawa la kukimbiwa.

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Kabla ya amri, kila mbuzi alipita mikononi mwangu. Baada ya amri iliyotolewa ili kulinda afya, hakuna hata mmoja aliyepita. Kama kimeta kingerudi wakati ule, kingetukuta tumefumba macho kwa mikono yetu wenyewe.

Siku moja Ekiru alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni.

"Daktari, mama anakuita," akasema. Wao walituita sote madaktari, na sote tulizoea. "Anataka kuchinja."

"Anajua pamefungwa."

"Anajua. Ndiyo maana anakuita."

Nilikwenda. Mama Achol alikuwa amefagia mbele ya bucha, amevaa nguo ya kanisani. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye nguzo, mzima, anatafuna katoni.

"Ya daktari," akaniambia, "watu wanachinja kwa kujificha kama wezi. Mimi si mwizi. Mimi nachinja hapa, mchana, wewe uko naona. Kama mbuzi yangu ni mgonjwa, niambie, mimi natupa. Kama si mgonjwa, niambie vilevile."

"Mama, nikisema ni mzima siwezi kugonga muhuri. Amri imenifunga mimi pia."

"Basi angalia tu. Macho yako hawajafunga."

Nilimtazama yule mbuzi akitembea. Ekiru akamchinja, nami nikakagua kila kitu kama kawaida: tezi, mapafu, ini. Alikuwa safi kabisa. Nilimwambia hivyo mbele ya majirani. Kisha nikamwambia pia kwamba akiuza anavunja amri, na kwamba nikiulizwa nitasema nilichokiona.

"Sema," alijibu. "Mimi nataka useme."

Akauza. Kabla nyama haijaisha polisi walifika, wakamchukua yeye, mizani na mguu wa mbuzi uliobaki, kama kielelezo. Kielelezo hicho hakikufika mahakamani, na sikuuliza kilikopitia.

Wakati ule hakimu alikuwa akitoka Lodwar na kuja Kakuma mara moja moja, na mahakama yake tembezi ilikaa kwenye ukumbi wenye feni moja iliyozunguka ikipenda. Mama Achol alishtakiwa kwa kukaidi amri. Mimi niliandikwa kuwa shahidi wa serikali. Usiku wa kuamkia kesi, Bwana Mutiso alinipigia simu, akaniambia kwa upole, "Jibu unachoulizwa, Ebei. Usiongeze." Nilimwahidi. Nataka mjue kwamba ahadi hiyo niliitimiza.

Mama Achol alikuwa amepata wakili wa msaada wa bure, msichana aliyeitwa Atieno. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi vilivyojaa vumbi la Kakuma, na alizungumza polepole ili mkalimani wa Kiarabu cha Juba amfuate. Nilishika Biblia, nikaapa, nikasema niliyoyaona. Kisha akasimama wakili.

"Shahidi, siku hiyo ulikwenda kwa mshtakiwa kufanya nini?"

"Aliniita nimkague mbuzi."

"Ukamkagua?"

"Nilimkagua."

"Ulikuta ugonjwa?"

"Hapana."

"Wewe mwenyewe ungeila nyama ile?"

"Mheshimiwa, siku ile ningekula hata pembe."

Ukumbi ulicheka. Hakimu hakucheka, ila alishusha kalamu. Wakili akanipa ile amri niisome. Nilijua kila herufi yake, nilikuwa nimeibandika mwenyewe.

"Imesema biashara imefungwa kwa sababu gani?"

"Sababu ilikuwa kimeta."

"Nauliza imeandikwa wapi."

Nikatazama. "Haikuandikwa."

"Itakwisha lini?"

"Haisemi."

"Mfanyabiashara asiyeridhika apeleke wapi malalamiko yake?"

"Haisemi."

"Kuna bucha yoyote ya Kakuma ambako ugonjwa huo ulikutwa?"

"Hakuna."

"Tangu itolewe, umekagua nyama kiasi gani hapa, ukiacha ya mshtakiwa?"

"Hakuna."

"Je, watu wa Kakuma wameacha kula nyama?"

"Hapana."

"Basi nyama wanayokula inakaguliwa na nani?"

Nilikuwa nimeahidi kujibu nilichoulizwa.

"Na korongo, Mheshimiwa," nikasema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Nje, juu ya paa la mabati, wawili wao walikuwa wanatembea. Tulisikia kucha zao.

Hakimu aliahirisha, akarudi baada ya kula, akatoa uamuzi wake kwa Kiswahili chepesi ili mshtakiwa asikie bila kusubiri mkalimani. Hakuidharau ofisi yetu. Alisema sheria ya afya imeipa nguvu ya kufunga mahali penye ugonjwa, na ni vizuri imeipa, maana bila nguvu hiyo watu wangekufa. Lakini nguvu hiyo ina masharti yake: itajwe nyumba inayofungwa, itajwe sababu, itajwe kinachotakiwa ili ifunguliwe; amri yetu haikutaja hayo, kwa hiyo ni batili. Akasema Katiba mpya nayo inamtaka mkubwa wa ofisi ampe sababu kwa maandishi mtu anayemzuia kuishi kwa jasho lake. Kisha akamtazama mwendesha mashtaka, akasema maneno ambayo nimeyakumbuka kila nilipoona kufuli.

"Sheria iliwapa nguvu ya kufunga mahali. Haikuwapa nguvu ya kufunga mji na kusahau."

Akamgeukia Mama Achol. "Mama, uko huru. Lakini usichinje bila mkaguzi."

"Mkaguzi yuko hapa, Mheshimiwa," akajibu, akininyooshea kidole kana kwamba mimi ndiye kielelezo.

Bwana Mutiso alinisubiri Lodwar. Alifunga mlango wa ofisi yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu ya joto.

"Umetuuza, Ebei."

"Niliulizwa maswali, bwana. Nilijibu."

"Sasa kila mtu atachinja anavyotaka. Kimeta kikirudi, huyo hakimu atakuja kuchimba shimo?"

Hapo alikuwa na haki ya kuogopa, nami nilimwambia hivyo. Hakimu aliiondoa amri mbaya, lakini hakutuachia nyingine. Tulikuwa tumebaki mikono mitupu. Akapangusa miwani, kisha akasema kama anayenipa adhabu, "Basi iandike wewe. Hiyo wanayoitaka. Iandike, tuone."

Sikuwa nimewahi kuandika kitu kirefu kuliko ripoti ya ini lenye minyoo. Nilimtafuta Wakili Atieno. Wengine kazini waliona ni ajabu, nimfuate mtu aliyenihenyesha kizimbani. Lakini nani mwingine alijua vizuri kuliko yeye mahali ambapo amri yetu ilivunjikia? Alikubali kwa sharti moja: tusiandike neno kabla ya kukaa na watu watakaofungwa nayo.

Tukakaa nao kwenye ukumbi wa kanisa. Walikuja wachinjaji wa Kiturkana, akina mama wa Sudan Kusini, wenye bucha wa Kisomali, wauza supu wa Kikongo. Kila nilichosema kilirudiwa kwa lugha baada ya lugha, na kila kilichorudiwa kilizaa ubishi wake. Kwa muda mrefu walinilaumu mimi binafsi. Niliwaacha, kwani ilikuwa haki yao na kulikuwa na kivuli. Kisha Ekiru, ambaye hakuwa msemaji, akainuka na kuuliza kwa Kiturkana:

"Ebei, mbuzi wa ndugu yangu akifa na damu puani, nikija kukuambia, utanifanya nini?"

Ukumbi ulimsubiri mkalimani amalize. Lilikuwa ndilo swali lenyewe. Chini ya amri ya zamani jibu lilikuwa wazi: ukiniambia, nitakufunga wewe na mji mzima, na majirani watakuchukia. Nani angesema? Miaka yote tuliandika matangazo ya kuwataka watu watoe taarifa, huku tukimwadhibu kila anayetoa.

"Unataka nikufanyie nini?" nikamuuliza.

"Funga pale mbuzi alipofia. Usinifunge mimi. Na uniambie siku ya kufungua, ili nami niwaambie watu wangu."

Wakili Atieno aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Mengi yaliyofuata yalikuwa kuyavalisha nguo za kisheria. Amri mpya ilisema pafungwe mahali ugonjwa ulipokutwa na mahali mnyama alipopita, si zaidi. Sababu iandikwe, na isomwe kwa sauti kwa lugha za mahali. Anayetoa taarifa asishtakiwe kwa alichokitaja. Mzoga usipasuliwe, uchomwe au ufukiwe kwa chokaa, na ofisi ndiyo ilete chokaa. Siku ya mwisho iandikwe tangu mwanzo, na ikifika, ofisi ifungue au itoe sababu mpya mbele ya watu. Asiyeridhika aende kwa nani, na akikataliwa hapo aende wapi. Adhabu ya kuchinja kwa kujificha tuliiweka pia, tena kali, na wenye bucha wenyewe ndio walioitaka iwe kali. Wale wa vichakani walikuwa wakiwaharibia soko.

Nilimpelekea Bwana Mutiso. Aliisoma, akaisoma tena, akaniuliza maana ya neno moja, akalibadilisha kwa lililo bora. Kisha akatia sahihi. Nilitarajia akunje uso. Badala yake alikaa kidogo na ile kalamu mkononi.

"Unajua," akasema, "hii imeandika nifanye nini nikiwa na hofu."

Tangu siku hiyo hakufunga tena mlango akizungumza nami.

Kichinjio kikafunguliwa. Korongo wakarudi jalalani kwao, na nikaanza tena kusalimiwa njiani. Wachache waliendelea kuchinja vichakani, tukawapeleka kwa hakimu yule yule, naye akawatoza faini bila kusitasita, maana safari hii karatasi yetu ilisimama. Mwendesha mashtaka aliniambia hajawahi kuona kesi rahisi namna ile.

Mwaka wa 2013 uchaguzi ulipita, serikali ya kaunti ikaingia. Lodwar ikajaa vibao vipya na magari mapya. Bwana Mutiso alihamishwa, nasi tukapewa mkubwa mwingine, kijana mwenye simu mbili na haraka ya kuonekana anafanya kazi. Simlaumu. Kila mtu mwaka ule alikuwa na haraka hiyo.

Katika wiki zangu za mwisho kazini, Ekiru alikuja mlangoni kwangu akiwa amekimbia. Mbuzi mmoja wa kundi lililokuwa limeingia jana yake amekufa kwenye zizi la kichinjio cha kambini. Amevimba. Damu puani, nyeusi.

"Mmemgusa?" nikauliza.

"Hapana. Tumeweka miiba kuzunguka, mama amesimama hapo na fimbo."

Nilimkuta Mama Achol kweli, amesimama juani na fimbo ya Ekiru, anawafukuza mbwa na binadamu kwa maneno yale yale. Sikuhitaji kusogea karibu sana. Nilifunga kichinjio kile, nikaandika sababu, nikaandika siku ya mwisho, tukaisoma kwa lugha zote. Hakuna aliyebisha. Chokaa ilifika kabla jua halijazama, jambo ambalo katika historia ya ofisi yetu linastahili kuwekewa kibao.

Ndipo mkubwa mpya akapiga simu.

"Nimesikia kuna kimeta. Funga Kakuma yote."

"Nimefunga kichinjio kimoja, bwana. Kundi lote tumelitenga. Kule mjini hakuna mnyama wa kundi hilo aliyepita."

"Mzee, sitaki hatari. Funga yote."

"Sawa. Naomba uniandikie, bwana. Uandike sababu ya kufunga kule ambako hakuna ugonjwa, na siku ya kufungua."

Nilisikia feni yake ikizunguka. Nilikuwa na hakika nimejiharibia kuagwa kwangu.

"Kwani amri inasemaje?" hatimaye akauliza. "Nisomee."

Nikamsomea, mwanzo hadi mwisho. Alinikatiza mara moja tu kuuliza nani aliyeiandika. Nikamwambia wachinjaji.

"Basi fanya hivyo hivyo," akasema, akakata simu.

Mbuzi wengine wawili wa kundi lile walikufa wakiwa wametengwa. Hakuna mtu aliyeugua. Nyama ya mjini iliendelea kupita mikononi mwangu kila asubuhi, na kichinjio cha kambini kilikaa kimefungwa, na hakuna aliyechinja kwa kujificha. Nimefanya kazi hii tangu ujana wangu, na sikuwahi kuona kufuli likiheshimiwa namna ile bila askari.

Siku ya kufungua ilifika. Nilikuwa Lodwar kwa mambo ya karatasi zangu za kustaafu, nikaondoka alfajiri, na gari likapasuka gurudumu njiani. Nilipofika Kakuma jua lilikuwa limeshapanda vizuri. Nje ya kichinjio walikuwa wamejipanga wote, visu vimenolewa, kulabu zimesuguliwa zinang'aa, mbuzi wanalia. Mama Achol alikuwa mbele kabisa. Aliigonga kwa kidole ile karatasi niliyoibandika mlangoni kwa mkono wangu.

"Ya daktari, hapa imeandikwa asubuhi. Hii ni asubuhi ya wapi?"

Watu wakaguna kumuunga mkono. Ekiru alitazama jua, kisha akanitazama mimi.

Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna lawama iliyonifurahisha kama hiyo. Nikawaomba radhi mbele ya wote, kwa Kiturkana na kwa Kiarabu changu kibovu, kisha nikafungua.